Kichwa Nusu

Mchapishaji alikuwa amemwambia Mwanahawa kuwa mji huu hausomi hadithi. Sasa alikuwa saluni, kichwa kimesukwa nusu, na mteja wa kando akiwasomea wenzake riwaya aliyoitunga Mwanahawa mwenyewe. Jalada lilikuwa limeshang'oka kwa kupokezanwa.

"Amwache mume huyo!" msusi alifoka. "Anangoja aoe wa tatu?"

"Shoga, funga mdomo tusikie!"

"Dada, na nywele zangu?" aliuliza Mwanahawa.

"Ngoja sura iishe. Kama una haraka, hama saluni."

Mwanahawa, ambaye humo hakujulikana na mtu, akatulia tuli. Chanuo la msusi liliganda hewani juu ya utosi wake, na moyoni mwake vigelegele vikaanza.