Joho la Mama wa Nchi

Kila mwaka, sikukuu ya Mama wa Nchi, mungu wa kike wa Wacham wa Vietinamu, ilipofika, Bi Nai, mwanamke wa Kicham, ndiye aliyeiosha sanamu ya mungu huyo kwa maji ya maua na kuivika. Mwaka huu alikuja na joho alilolifuma miezi minane.

Mwenyekiti wa sherehe, Mvietinamu asiye Mcham, alimzuia mlangoni mwa hekalu. "Bibi, tumeshanunua la hariri. Wewe utacheza uani, wageni wakupige picha."

"Nani atamwosha Mama?"

"Mke wangu."

"Anaijua sala yake?"

"Ataisoma kwa lugha yetu. Mama ni wetu sote."

Bi Nai alizunguka nyuma ya hekalu, akapiga magoti penye mfereji yalikotokea nje maji ya maua yaliyokuwa yakiiosha sanamu ndani, akalilowesha joho mpaka likamshinda kulinyanyua.