Mgeni Asiyepakata Mtoto

Zamani hizo wanyama walikuwa na ada: mtoto mchanga akiletwa nyumbani, kila jirani lazima ampakate. Basi Paa akarudi kutoka kwa mganga na mwanawe mgonjwa, pumzi zake nyembamba kama uzi. Mganga alikuwa amemwonya kwamba vumbi na mikono ya watu vitamuua.

Majirani wakajaa mlangoni. "Hodi, mama mzazi! Tupe mtoto!" akanguruma Nyati.

Paa akamfunika mwanawe. Kukataa aliona aibu, kukubali aliona kaburi.

Nungunungu, ambaye hakuna aliyewahi kumpa mtoto kwa sababu ya miiba yake, akapenya mbele. "Shoga, mimi kupakata siwezi. Nipe nguo za mtoto nifue, kisha nikuinjikie uji."

Paa akabubujikwa na machozi. "Karibu, dada. Hilo ndilo nililolitaka, nikashindwa kulisema."

"Na sisi je?" Nyati akanuna.

"Wewe na kwato hizo? Nenda kateke maji!" Nungunungu akamjibu.

Nyati akacheka, akaenda. Wengine wakafuata kuni. Paa akajilaza na mwanawe kifuani, na usingizi uliomkimbia tangu ajifungue ukamchukua.

Tangu hapo, kwa mzazi mwenye mtoto dhaifu, mgeni huuliza mtungi uko wapi, haulizi mtoto yuko wapi.