Kipaza Sauti cha Bwana Harusi

Tunu alimbandika Mgaza, bwana harusi, kipaza sauti kidogo kwenye kola. Shangazi wa bibi harusi ndiye aliyemwita kupiga video, hajui kwamba Mgaza huyu aliwahi kusimama mbele ya wazee akamkana mtoto aliyezaa na Tunu.

"Umekuja kuniharibia?" Mgaza alinong'ona.

"Nimekuja kazini, kaka. Inua kidevu, kivuli kinakula sura."

Viapo vilipokwisha, bwana harusi alijitenga na mpambe wake nyuma ya pazia, akasahau kile kidude kolani. Tunu alikuwa bado amevaa hedifoni, na kamera inarekodi.

"Yule mpiga video si ndiye yule uliyezaa naye?" mpambe aliuliza.

"Ndiye. Na mtoto ni wangu, bwana, hata masikio kachukua yangu. Ningekubali, hawa wangenipa binti yao?"

Wakacheka. Tunu alirudisha rekodi nyuma, akasikiliza tena taratibu, kama anayeonja mchuzi.

Shangazi akaja akipepea kanga. "Mwanangu, tuwekee viapo kwenye skrini kubwa, wa nyuma hawakuona. Na sauti fungulia yote!"

"Yote, shangazi?"

"Yote! Spika tumekodi za nini?"

Tunu alichomeka waya, akatafuta kwenye rekodi pale maneno ya nyuma ya pazia yalipoanzia, kidole kikakaa juu ya kitufe. Ukumbi ukageukia skrini. Kwenye meza kuu, Mgaza aliinua mkono kunyoosha kola yake. Vidole vikakikuta kile kidude, vikagandia hapo, na macho yake yakaanza kumtafuta mpiga video.