Mwendo wa Kuitwa

Kesho alfajiri, kabla ya basi la kwanza, Mshamu angeanza kazi kwenye kiwanda cha mikate, na katika mji huu wa ugenini hakuwa na njia ya kufika ila baiskeli. Ile ya kijani pale dukani ndiyo pekee aliyoweza kuinunua. Hata hivyo alitaja nusu ya bei, kama walivyozoea kwao.

"Samahani, bei ni hiyo," muuzaji alijibu kwa upole.

Mshamu akatikisa kichwa, akatoka dukani na mkewe.

"Usigeuke," Mwanaidi alinong'ona. "Na punguza mwendo, Baba Salma. Ukikimbia hivyo atakuitaje?"

"Mama Salma, hata konokono ameshatupita."

Walifika kwenye kona, wakasimama wakijifanya wanaangalia magari. Mshamu alimwomba Mungu moyoni. Hatimaye mlango wa duka ukafunguliwa nyuma yao. Mwanaidi akamfinya mkono, akitabasamu.

Wakamsikia muuzaji akimtakia mtu safari njema.

Baiskeli ya kijani ikawapita. Msichana aliyeipanda akawapungia mkono, na Mwanaidi, asijue la kufanya, naye akampungia.