Mpaka Nywele Ziote

Kitambaa kilipovuliwa, daktari alisogeza taa, akakiinamisha kichwa cha msichana, akachunguza kile kipande kitupu juu ya paji la uso. Vinyweleo vilivyobaki vilikuwa vifupi na havikulingana.

"Unazing'oa mwenyewe?" aliuliza.

Msichana alimtazama mama yake, kisha akatazama sakafu. "Hapana."

"Mwanangu hasemi uongo," mama alisema.

Walitoka na chupa ya mafuta na karatasi ya vipimo vya damu. Nje, mama akasema kwa huyu hawarudi tena. Daktari gani anamfanya mtoto wa watu kichaa mbele ya wazazi wake? Baba alikubali. Siku hizo alikuwa anakubali kila kitu.

Baba alikuwa fundi wa friji, na aliamini hakuna kinachoharibika bure. Friji likiacha kugandisha, basi gesi imevuja, au mota imechoka, au panya kakata waya. Aliitafuta sababu ya nywele za binti yake kwa mtindo huohuo. Alibadilisha sabuni. Alichemsha maji ya kuogea. Alifua foronya kwa mikono yake, yeye ambaye hajawahi kufua hata soksi. Vipimo viliporudi safi, badala ya kufurahi alikasirika, maana alitaka apewe kitu cha kutengeneza.

Sababu moja aliijua ila hakuthubutu kuitaja, nayo ilikuwa yeye mwenyewe. Nywele zilianza kudondoka alipohama na kwenda kuishi na mwanamke mwingine, mtaa wa pili tu. Siku hiyo aliapa mlangoni, begi mkononi, kwamba mtoto akiumwa atarudi alale hapa mpaka apone. Aliwaza mafua, au homa ya kupita. Hakujua kwamba kuna maradhi ambayo kupona kwake ni kusubiri unywele uote.

Lakini ahadi ni deni. Kila upara ulipojitokeza alirudi na begi lake, akalala kwenye kochi, akala mezani na mama na binti, akamfundisha mtoto hesabu za shule. Nywele zikarudi, nyeusi na nzito, naye akarudi alikotoka. Haukupita muda, simu ikalia.

Dada wa baba alikuwa na jibu tangu mwanzo. "Huu ni mkono wa mtu," alisema, akiwa amekaa kwa wifi yake, mama wa msichana, aliyekuwa na saluni ya kusuka kwenye chumba cha mbele cha nyumba, na wote walijua anamsema nani. "Aliyechukua mume atashindwa kuchukua nywele?"

"Wifi, usimsingizie mtu," mama alijibu, vidole vikiendelea kusuka kichwa cha mteja.

Wifi mtu alienda akisimulia kila mahali kwamba mama wa msichana ana moyo wa dhahabu.

Na kweli alivumilia mengi. Msusi mwenye binti kipara ni kichekesho, na watu hawakujizuia. Mganga hajigangi, walisema. Wengine walidai anasuka kwa kukaza mno, kwamba mtoto ndiye aliyekuwa kichwa chake cha kujifunzia. Wateja wakahamia ng'ambo ya barabara, mmoja mmoja, hata salamu zikapungua. Yeye hakumjibu mtu. Jioni alifunga saluni, akamkalisha binti yake katikati ya magoti, akampaka mafuta taratibu, wala hakuruhusu mkono wa mwingine uguse kichwa kile. Baba alikuwa akiwatazama kutoka kwenye kochi, akiona aibu kwa kumwacha mwanamke kama huyu.

Shuleni msichana aliitwa Balbu. Alihamia dawati la nyuma kabisa ili asiwepo wa kumvuta kitambaa kutoka nyuma. Alikuwa anapenda kuimba, akaacha, kwa sababu waimbaji husimama mbele. Akirudi nyumbani alikaa na kitambaa chake hata kwenye joto kali.

"Unaogopa nini, mwanangu?" baba alimuuliza jioni moja, wakiwa wawili sebuleni. "Niambie mimi."

"Ukiondoka."

"Nitaondoka ukishapona, siyo kabla."

Msichana alichora kitu kisichoeleweka pembeni ya daftari la hesabu. "Basi sitaki kupona."

Baba alienda bafuni, akafungua bomba, akalia chini ya kelele za maji. Daktari mwingine alikuwa amemweleza kwamba huzuni peke yake yaweza kuangusha nywele. Sasa alikuwa na uhakika, na uhakika huo ulimchoma kuliko mashaka.

Nywele ziliota tena. Siku ya kuondoka alikipapasa kichwa cha binti yake kuanzia mbele hadi kisogoni, wala hakupata kipande kitupu. Hakuwa na furaha. Mlangoni akamgeukia mama wa mtoto wake.

"Zikidondoka tena, kule naacha," alisema. "Narudi hapa moja kwa moja. Siwezi kumuua mtoto kwa sababu ya starehe zangu."

"Nimesikia," mama alisema.

Alimsindikiza kwa macho mpaka alipokata kona. Kisha akashusha pazia la saluni, akafunga mlango kwa ndani, akakaa kwenye kigoda chake. Msichana alikuja bila kuitwa. Alikaa katikati ya magoti ya mama yake, akavua kitambaa, akainama.

"Mama," alisema, "safari hii ng'oa za nyuma. Za mbele zinauma sana."