Herufi Zile Zile

Bi Hidaya aliingia dukani na diski aliyoifunga kwa kitambaa cheupe, kama afungavyo msahafu wake. Ilikuwa filamu ya mahafali ya kisomo cha watu wazima cha jioni, na wanafunzi wenzake walikuwa wamemtuma yeye akachague laptopu ya kuionea. Angekosea, wasingeona kitu.

Sudi, mwenye duka, aliweka laptopu mbili mezani. "Hizi ni wake wenza, bibi. Zote zinaonyesha picha safi, lakini kila mmoja ana aina yake ya diski, na huyu hapokei ya mwenzake. Yako ni ya ipi? Lete nikusomee."

"Usinisomee, mwanangu."

Alinong'ona bismillahi, akafungua kitambaa, akapitisha kidole juu ya maandishi madogo ya diski bila kuyagusa, herufi moja moja, kama walivyozoea darasani. "Blu. Blu-ra. Blu-rayi."

Sudi akaangua kicheko. "Blu-rei, bibi! Blu-rei!"

"Wewe iite upendavyo." Aliinama akaikagua laptopu ya kwanza, akaiacha. Kwenye ya pili kidole chake kikatulia. "Herufi zile zile, hizi hapa. Namtaka huyu."

Sudi aliacha kucheka, akaisukuma diski ndani. Kioo kikabaki cheusi kwa muda, Bi Hidaya akiomba kimoyomoyo. Kisha akajiona: amesimama mbele ya ubao, ushungi umemkaa vizuri, karatasi mkononi.

Yule wa kwenye kioo akafungua kinywa ili asome. Wa dukani naye akafungua chake.