Udongo wa Ambokile

Nchi ile kila mtoto alizaliwa na fungu lake la udongo, ndoo tatu, za kumfunika siku akifa. Zaidi ya hapo hakuna aliyeruhusiwa kuchimba hata kiganja.

Tusekile, mfinyanzi, lake alikwisha kulifinyanga zamani. Limetawanyika kwenye majiko ya watu. Sasa binti yao Atupele alikuwa anaolewa, na kwao bibi harusi haingii kwa mumewe bila chungu cha mkono wa mama yake.

"Chukua langu," akasema mumewe, Ambokile.

"Na wewe tutakufunika na nini, baba Atupele?"

"Na mkeka. Nishachoka kulala na ndoo uvunguni."

Wakacheka. Tusekile akasaga vigae vya chungu chake kilichovunjika mwaka ule goti lake lilipokufa ganzi, akavichanganya na udongo wa mumewe ili usipasuke motoni. Akafinyanga, akasugua kwa kokoto mpaka chungu kikang'aa. Siku ya kukichoma, Ambokile alikaa kivulini akilalamika kwamba mgongo unaungua.

Chungu kikatoka kizima. Atupele akaondoka nacho kichwani, vigelegele nyuma yake.

Kesho yake mchana Tusekile akatenga ugali. Mumewe akausukuma kando.

"Nimeshiba, mama Atupele. Wamepika ndizi kwenye chungu huko kwa mwanao. Chumvi wamezidisha."

Tangu siku hiyo, kitu chochote kikianguka, hata kifuniko cha sufuria kwa jirani, Tusekile humgeukia mumewe kwanza, amtazame kama bado mzima.